Mkataba wa Paris Usomwapo Ifakara: Tahakiki

Wanafunzi wetu wa Biblia hufundishwa mapema kwamba andiko halisomwi kwa macho peke yake. Yapasa kuuliza nani anasema, anamwambia nani, na kwa kitenzi gani. Amri si sawa na shauri, wala ahadi si sawa na tumaini. Katika makala hii tunakusudia kuutumia mtindo huo huo juu ya andiko lisilo takatifu, nalo ni Mkataba wa Paris juu ya mabadiliko ya tabianchi, uliopitishwa tarehe 12 Desemba 2015 na kuridhiwa na nchi yetu mwaka 2018. Mkataba huu hutajwa katika hotuba za viongozi wa Kanisa, katika maazimio ya sinodi na katika maombi ya fedha za miradi. Hata hivyo tumewauliza watumishi wenzetu kadhaa kama wamewahi kuusoma, na jibu limekuwa lile lile. Sisi wenyewe tulikuwa hatujausoma wote mpaka tulipotakiwa kuufundisha.

Tumechagua kuusoma tukiwa Ifakara. Hatusemi kwamba watu wa bonde la Kilombero wameteseka kuliko wengine wote. Sababu yetu ni kwamba mikataba ya kimataifa, ambayo kwa wengi ni habari ya redioni, hapa imeshuka mpaka mashambani, na watu wameiona kwa sura ya askari, ya mpima ardhi na ya mnunuzi wa vyeti.

Msomaji asiyelifahamu bonde hili alione hivi. Upande wa kaskazini magharibi imesimama milima ya Udzungwa, na upande wa kusini mashariki nyanda za juu za Mahenge. Mito mingi hushuka kutoka pande zote mbili na kuungana katika Kilombero, nao huendelea mpaka kukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji huzaliwa. Wataalamu wa maji hukadiria kwamba Kilombero peke yake huchangia asilimia 62 hivi ya maji yote ya Rufiji. Wakati wa masika uwanda wote hugeuka kuwa ziwa, na kabla ya kufunguliwa kwa daraja lenye urefu wa mita 384 mwaka 2018, mtu wa Mahenge aliyetaka kufika Ifakara alitegemea kivuko, akiomba Mungu. Jamaa nyingi huhamia shambani kwa miezi, zikilala katika madungu na kuamia ndege, mpaka mpunga uvunwe.

Jambo hili ni la lazima kulifahamu kabla hatujaufungua mkataba. Kwa Mndamba au Mpogoro wa uwandani, mafuriko si adui. Mafuriko ndiyo mbolea, ndiyo samaki, ndiyo supa inayouzwa Dar es Salaam. Shida ni majira. Maji yakija mpunga ungali mfupi, yanauzamisha; yakichelewa, mche unakauka; yakizidi, kama yalivyozidi katika masika ya mwaka 2024, yanachukua nyumba pamoja na ghala. Maji ni yale yale. Mkataba una kifungu cha 8 kinachohusu hasara na madhara yatokanayo na tabianchi, na katika nchi zinazomezwa na bahari maneno hayo hayana utata. Lakini mtu atakayetumwa Ifakara na daftari lake ili aandike hasara atakuta jambo gumu: mto ule ule ndio unaolisha na ndio unaoharibu, na tofauti yake ni wiki tatu.

Tuje sasa kwenye vitenzi. Katika saa za mwisho kule Paris rasimu ilikuwa mezani, na katika kifungu cha 4, aya ya 4, iliandikwa kwamba nchi tajiri ni lazima ziendelee kutangulia katika kupunguza hewa chafu kwa uchumi wao wote. Wajumbe wa Marekani waliposoma walishtuka, kwa kuwa neno lile lenye nguvu ya sheria lingeilazimu serikali yao kuupeleka mkataba mbele ya Seneti, ambako ungekataliwa. Basi neno likabadilishwa. Mahali pa "ni lazima" pakawekwa neno lenye maana ya "inafaa" au "inapasa". Badiliko hilo lilisomwa kwa sauti mbele ya mkutano mzima pamoja na masahihisho mengine madogo, kana kwamba ni kosa la mpiga chapa, na dakika chache baadaye nyundo ikagonga meza.

Tunawaomba wanafunzi watafakari jambo hili kama wanavyotafakari tofauti za miswada ya kale. Sisi tumezoea kudhani kwamba neno likibadilika, mwandishi alisinzia. Hapa neno lilibadilika kwa sababu waandishi walikuwa macho kabisa.

Lakini tusihukumu kwa pupa. Wengine husema kwamba Paris ilikuwa hila tupu, nasi hatukubaliani nao. Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997 ulikuwa na "ni lazima" nyingi kwa nchi tajiri, na Marekani haikuuridhia kamwe, nayo Kanada ilijitoa mwaka 2011. Amri isiyotiiwa haikumwokoa mkulima wa Mlimba hata kwa debe moja la mpunga. Waliokubali neno dhaifu walifanya hivyo ili wote wabaki mezani. Ni hoja yenye uzito. Walakini hata meza hiyo haikuwashika wote: Marekani ilitoka rasmi Novemba 2020, ikarudi Februari 2021, na Januari 2025 rais wake akatoa tena amri ya kujitoa. Anayetaka kuhubiri juu ya tabia hii asome Yeremia sura ya 34, Mfalme Sedekia na wakuu wake walivyowaachia watumwa huru kwa agano, kisha wakageuka na kuwarudisha utumwani.

Hapa twaona udhaifu wa lugha yetu, au labda ni uwezo wake. Biblia ya Kiswahili hutumia "agano" kwa yale Mungu aliyofanya na Abrahamu na kwa yale wafalme waliyofanya wao kwa wao. "Mkataba" limekuwa neno la serikali, la ajira na la nyumba ya kupanga. Kwa kutenganisha maneno hayo tumepata usahihi, lakini tumepoteza ile hofu iliyoandamana na kiapo. Nani huogopa kuvunja mkataba?

Aidha, mkataba wenyewe unasema kwamba maandiko yake halisi yako katika lugha sita: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Mwanakijiji wa Mngeta hatumii hata moja. Ni kweli Katiba yetu, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba kwa niaba yake, na Bunge lilifanya hivyo. Lakini sisi, watu wa Kanisa lililozaliwa pamoja na tafsiri ya Agano Jipya ya mwaka 1522, tungekuwa wa mwisho kusema kwamba inatosha wakubwa wakisoma.

Nchi hii hapo zamani iliwafundisha wengine jambo kuhusu nani anaweza kumfunga nani. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba mikataba iliyotiwa sahihi na Uingereza haitairithiwa moja kwa moja. Itaangaliwa kwa miaka miwili, na isiyofaa itakoma. Mwaka 1962 serikali yake ikasema waziwazi kwamba makubaliano ya maji ya Nile ya mwaka 1929 hayaifungi Tanganyika. Msimamo huo hufundishwa katika vitabu vya sheria mpaka leo kwa jina lake. Msingi wake ni rahisi: hawezi mtu kufungwa na neno ambalo hakuulizwa.

Tuuchukue msingi huo turudi nao bondeni. Mwaka 2002 hekta 796,735 za uwanda wa Kilombero ziliandikwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, chini ya mkataba uliofanyika Ramsar, nchini Iran, mwaka 1971. Sababu zilikuwa za kweli. Wakati ule ilikadiriwa kwamba robo tatu ya sheshe wote waliosalia duniani waliishi hapa, na yuko ndege aina ya mnana wa Kilombero ambaye wataalamu walimpa jina mwaka 1990 tu. Ardhi oevu vilevile hutunza kaboni na kuyapunguza makali ya mafuriko, hata mikataba ya tabianchi inaitegemea. Hatuna neno baya juu ya orodha hiyo.

Lakini mwishoni mwa mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 ilifanyika operesheni ya kuwaondoa wafugaji bondeni, Wasukuma, Wabarbaig na wengine, pamoja na ng'ombe wao kwa maelfu mengi. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa ulinzi wa eneo hilo la mkataba. Baadhi ya wafugaji hao walikuwa wameshaondolewa mara moja, kutoka bonde la Usangu, mwaka 2006 na 2007, nako pia kwa hoja ya maji. Ng'ombe wengi kweli huharibu uwanda; wakulima nao, tusiwaonee wafugaji peke yao, wameyalima mapito ya wanyama mpaka ukingoni mwa maji. Na mwaka 2023 sehemu ya bonde ikapandishwa hadhi kuwa pori la akiba, na swali la mipaka likaanza upya kwa watu walewale.

Sasa mhakiki auchukue mkataba wa Ramsar asome. Hatakuta amri ya kumfukuza mtu. Neno kuu la mkataba ule ni matumizi ya busara, na mkutano wake wa mwaka 1999 kule San José, Costa Rica, ulipitisha miongozo ya kuwashirikisha wenyeji katika kutunza ardhi oevu. Kwa hiyo andiko lilikuwa na huruma kuliko wasomaji wake. Wachungaji mnaijua hali hii. Ni mara ngapi mtu hutoka na fimbo akidai ametumwa na kitabu, na ukikifungua kitabu hukuti fimbo?

Tofauti ya pili inatuumiza zaidi. Mwaka 1996, bwawa la umeme la Kihansi likijengwa, katika korongo la mto huo unaoingia Kilombero alipatikana chura mdogo wa njano asiyepatikana pengine popote. Maji yalipogeuziwa mitambo, mvuke wa maporomoko uliomhuisha ukapungua. Vyura karibu 500 walibebwa kwa ndege mpaka Marekani, wakatunzwa Bronx na Toledo. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 kundi la kwanza likarudishwa nyumbani, ambako walikuwa wamefungiwa bomba za kunyunyiza maji. Tunamshukuru Mungu kwa chura yule, na hatusemi kwa dhihaka. Muumba aliyemweka pale hakukosea. Ila mwaka huohuo wa 2012 waliporudishwa vyura, ndio wafugaji walipoondolewa, na hatukusikia ndege iliyowangoja.

Tumefika mahali ambapo watheolojia wa Kilutheri hupenda kufika haraka mno, yaani biashara ya kaboni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Green Resources kutoka Norway ilianza kupanda misindano na mikaratusi Uchindile, katika nyanda za juu za Kilombero, juu ya ardhi iliyokuwa ya nyasi. Baadaye miti hiyo ilihesabiwa kaboni yake, vikatolewa vyeti, na vyeti vikauzwa kwa wale wanaotaka kufidia moshi wao. Vijiji viliahidiwa sehemu ya kumi ya mapato ya kaboni. Zaka, tungesema, ila safari hii mtoaji ndiye aliyepanga kiasi. Mwaka 2008 serikali ya Norway nayo iliahidi Tanzania kroner milioni 500 kwa ajili ya kutunza misitu, ahadi iliyotoka katika nchi ambayo utajiri wake ni mafuta na gesi. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris kimeipa biashara ya namna hii mlango rasmi, na tangu mwaka 2022 nchi yetu ina kanuni za kuisimamia.

Mlutheri akisikia "cheti" na "kufidia" hukumbuka mara moja Tetzel na mwaka 1517. Ulinganisho huo umetumika sana, na mara nyingi kwa uvivu. Cheti cha Tetzel hakikuwa na kitu nyuma yake. Mti wa Uchindile upo, unaguswa, na unavuta kaboni kweli. Tena Luther hakuanza kwa kulaumu bei. Alianza kwa kusema kwamba maisha yote ya mwamini ni toba, na kwamba cheti kilimpa mtu usalama wa uongo akaacha kutubu. Hapo ndipo ulinganisho unaposimama. Swali la kuuliza juu ya cheti cha kaboni ni hili: aliyekinunua aliendelea na bomba lake kama zamani, au alilizima? Kama alilizima, cheti ni msaada kwa salio lililomshinda. Kama hakulizima, basi kijiji cha Kilombero kimebeba toba ya mtu mwingine mgongoni kwa miaka 50 au zaidi, kwa sehemu ya kumi. Shirikisho la Kilutheri Duniani lilipokutana Windhoek mwaka 2017 lilitamka kwamba uumbaji si wa kuuzwa. Tamko lile ni jema, lakini halimjibu mwenyekiti wa kijiji aliyepewa fomu asubuhi na kutakiwa jibu jioni.

Kuhusu fedha tutasema kwa ufupi, kwa kuwa habari yenyewe ni fupi. Uamuzi ulioambatana na mkataba ulieleza kwamba kifungu cha 8 hakitoi msingi wa mtu yeyote kudai dhima wala fidia. Mfuko wa hasara na madhara ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa Dubai mwaka 2023, na ahadi za kwanza zilikuwa karibu dola milioni 700 kwa nchi zote zinazoendelea. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa katika Rufiji kwa fedha za Watanzania wenyewe na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2024, liligharimu zaidi ya shilingi trilioni 6. Ahadi za dunia nzima hazifikii nusu ya gharama ya bwawa moja ambalo zaidi ya nusu ya maji ya mto wake hutoka kwa wakulima tunaowazungumzia.

Tumalizie na andiko ambalo, kwa maoni yetu, linasomeka vema zaidi kando ya mikataba hii kuliko Mwanzo 1 ambayo hutajwa kila mara. Katika Yoshua 9, Wagibeoni walipata agano na Israeli kwa hila ya viatu vilivyochakaa na mikate yenye ukungu. Wazee wa Israeli hawakumwuliza Bwana. Hata hivyo hila ilipofichuka, kiapo hakikufutwa. Wagibeoni wakawa wapasua kuni na wachota maji, hali ya unyonge, lakini waliishi, na walipovamiwa Israeli ikaenda kuwapigania. Agano lisilo la haki kamili lilikuwa ngao kuliko kutokuwa na agano. Ndiyo sababu hatukubali kuudharau Mkataba wa Paris pamoja na vitenzi vyake vilegevu.

Lakini hadithi inaendelea katika 2 Samweli 21. Sauli alilivunja agano lile, na katika siku za Daudi ikaja njaa ya miaka mitatu mfululizo. Daudi alipouliza, akaambiwa chanzo ni damu ya Wagibeoni. Alipowaendea, jambo la kwanza walilomwambia ni kwamba shauri lao si la fedha wala dhahabu. Kisha wakatolewa wana na wajukuu saba wa Sauli, ambao andiko halisemi walitenda kosa lolote, wakanyongwa mlimani mwanzo wa mavuno ya shayiri. Wachungaji wengi huiruka sura hii, nasi twaelewa kwa nini. Imevunja mikono ya wafasiri wengi walio bora kuliko sisi.

Tunawaomba waitazame tena kwa makini mfuatano wake. Walionyongwa walinyongwa, na njaa haikutajwa kwisha. Rispa binti Aya akatandika gunia juu ya mwamba, akawafukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mavuno mpaka mvua ilipowanyeshea. Mwanamke wa Kilombero anayeamia mpunga wake juu ya dungu atamwelewa Rispa bila fafanuzi yetu, ingawa Rispa alilinda maiti. Habari zikamfikia Daudi, naye akaenda kuitwaa mifupa ya Sauli na Yonathani, na ya wale saba, ikazikwa kwa heshima. Ni baada ya hapo, asema mwandishi, baada ya maziko na si baada ya kunyongwa, ndipo Mungu alipoyasikia maombi kwa ajili ya nchi.

Mwaka huu baadhi ya sharika zinazomiliki ardhi zimeanza kutujia na karatasi za wanunuzi wa kaboni, zikiomba ushauri kama zitie sahihi. Tumeziomba kwanza zilete tafsiri ya Kiswahili ya kila ukurasa, isomwe mbele ya mkutano mkuu wa usharika pamoja na majirani wasio Wakristo ambao ng'ombe wao hupita hapo. Mpaka tunapoandika, tafsiri moja tu imeletwa, nayo ina kurasa nne kati ya thelathini na moja.